Tulipeleka Jeshi Anjouan kwa Jina la Demokrasia, Kisha Tukanyamaza

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki,
Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama,
Dodoma.

YAH: OMBI LA TAARIFA YA WAZI KUHUSU OPERESHENI YA ANJOUAN YA MACHI 2008 NA MSIMAMO WA NCHI YETU BAADA YAKE

Waheshimiwa,

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Kila ukianza mjadala wa kama nchi moja inaweza kupeleka demokrasia katika nchi nyingine, watu wetu hukimbilia Irak na Afghanistan, kana kwamba dhambi hiyo, au sadaka hiyo, ni ya Wamarekani peke yao. Na sisi tumo. Alfajiri ya tarehe 25 Machi 2008 askari wa JWTZ walishuka katika kisiwa cha Anjouan pamoja na wenzao wa Sudan na wa jeshi la Komoro lenyewe, kwa baraka za Umoja wa Afrika. Libya ilisaidia kwa vifaa na usafiri. Taarifa za wakati ule ziliwataja askari wetu wapatao 750. Operesheni yenyewe ilipewa jina lisiloacha shaka: Demokrasia nchini Komoro. Haikuchukua hata siku nzima, Mutsamudu, mji mkuu wa kisiwa, na uwanja wa ndege wa Ouani vikawa vimeshikwa, na Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa amekikalia kisiwa hicho, akawa mafichoni akitafuta boti ya kumvusha hadi Mayotte.

Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Miongoni mwa wateja wangu wamo Wakomoro wanaokuja kufunga mzigo, na hao ndio walionitia hamu ya kuandika, maana wao siku ile hawajaisahau na sisi tumeisahau kabisa. Ukimuuliza kijana wa Dar es Salaam wapi jeshi letu limepigana nje ya mipaka atakutajia Uganda, labda na Kongo ya mwaka 2013. Anjouan hajui iko upande gani wa bahari.

Nisieleweke vibaya. Siwalaumu askari walioshuka ufukweni, na sisemi kwamba tulikosea kwenda. Nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza ikumbukwe tulikwenda kufanya nini, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipochanganyika.

Komoro ilipata uhuru mwaka 1975, ikaachwa bila kisiwa cha nne, Mayotte, kilichobaki chini ya Ufaransa. Tangu hapo imeona mapinduzi na majaribio ya mapinduzi karibu 20, baadhi yakiongozwa na mamluki wa Kifaransa Bob Denard, ambaye alifikia hatua ya kuweka marais na kuwaondoa. Watu wenye silaha kutokea baharini usiku si kitu kigeni kwa Mkomoro. Mwaka 1997 Anjouan ikajitangazia kujitenga. Huko mishahara ilikuwa hailipwi, madaraka yote yamerundikwa Moroni, mji mkuu wa nchi, na hasira ilifika mahali watu wakapandisha bendera ya mkoloni na kumwomba arudi. Ufaransa ikakataa. Serikali ya Moroni ikapeleka jeshi Septemba mwaka uleule, likapigwa likarudi.

Kilichoituliza nchi ile haikuwa bunduki. Mwezi Februari 2001 pande zote ziliketi Fomboni, katika kisiwa kidogo cha Mwali, zikaandikiana makubaliano, na Desemba ya mwaka huo wananchi wakapiga kura ya maoni kuyafanya katiba. Kila kisiwa kikapata rais wake na mambo yake, na urais wa Muungano ukawekwa kwa zamu: Ngazija, Anjouan, Mwali, na kuzunguka tena. Unaweza kuicheka katiba hiyo, nchi ndogo namna ile kuwa na marais wanne. Gharama zake zilikuwa kubwa na ugomvi wa madaraka haukuisha. Ila ilikuwa yao. Hakuna balozi aliyeiandika hotelini akawaletea watie saini. Na zamu ilijibu swali hasa lililowagombanisha, yaani nani anakula na nani anatazama.

Bacar, ofisa wa jandarmeri aliyeshika Anjouan mwaka 2001 na kuchaguliwa rais wa kisiwa mwaka 2002, ndiye aliyeyavuruga makubaliano hayo. Muda wake ulipokwisha mwaka 2007, Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba kiti kiko wazi. Akagoma. Serikali ya Muungano na Umoja wa Afrika wakataka uchaguzi wa kisiwa hicho uahirishwe. Yeye mwezi Juni akachapisha karatasi zake mwenyewe, akaendesha uchaguzi wake mwenyewe, akajitangaza mshindi na kuapishwa. Oktoba Umoja wa Afrika ukaweka vikwazo vya safari na mali kwa wakubwa wa kisiwa. Hakubanduka.

Mwanzoni mwa mwaka 2008 Rais wetu wa wakati ule, Jakaya Kikwete, alikuwa ndiye Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Rais wa Komoro, Ahmed Abdallah Sambi, aliomba msaada. Thabo Mbeki wa Afrika Kusini, nchi iliyokuwa imebeba mzigo wa upatanishi wa Komoro kwa miaka, alipinga hadharani matumizi ya jeshi. Kwake mazungumzo yalikuwa bado hayajafika mwisho. Hakusikilizwa. Tukaenda.

Sasa hukumu yangu, ambayo naamini wengi wenu hamtaipenda kwa upande mmoja au mwingine. Ile safari ilikuwa na uhalali ambao Marekani haikuwa nao Irak mwaka 2003. Kulikuwa na ombi la serikali inayotambulika, jambo ambalo Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika inaliruhusu katika Ibara ya 4. Kulikuwa na uamuzi wa mahakama ya wenyewe. Kulikuwa na katiba iliyopigiwa kura, na vitisho vya miezi vilivyotangulia risasi. Umwagaji damu ukawa mdogo, na watu wa Mutsamudu walitoka barabarani kushangilia. Irak walianza na silaha za maangamizi ambazo hazikupatikana, ndipo neno demokrasia likapanda juu kuziba pengo. Sisi hatukuwa na pengo la kuziba.

Lakini jina la operesheni lilikuwa uongo, na uongo huo ndio uliotuponza. Tazameni tuliokwenda nao. Sudan ya Omar al-Bashir, huku Darfur ikiungua. Libya ya Muammar Gaddafi, ambako kuanzisha chama cha siasa lilikuwa kosa la jinai. Hawa ndio wapeleka demokrasia! Mtu mzima akisoma orodha hiyo bila kutabasamu ana matatizo. Kilichopelekwa Anjouan kilikuwa ulinzi wa makubaliano: Wakomoro walikuwa wameandikiana, mmoja wao kavunja, jirani kaombwa kuja kumkumbusha kwa nguvu. Hiyo ni kazi halali na inaeleweka. Ingeitwa kwa jina lake, tungejua pia kwamba haiishi siku ya kumfukuza mvunjaji. Anayesimama shahidi na mdhamini wa makubaliano anabaki mdhamini, awe anayevunja ni kanali wa kisiwani au bwana mkubwa wa Moroni. Lakini kwa kuwa tuliiita demokrasia, na demokrasia kwetu ni uchaguzi, uchaguzi wa Anjouan ulipofanyika Juni 2008 na Moussa Toybou akashinda duru ya pili, tukaona kazi imekwisha.

Haikupita miaka miwili. Tarehe 17 Mei 2009, Sambi yuleyule tuliyemsaidia akapeleka wananchi kwenye kura ya maoni iliyomrefushia muda na kuwashusha marais wa visiwa kuwa magavana. Yaani kile ambacho Anjouan ilikipata Fomboni baada ya miaka minne ya damu na njaa, kilipunguzwa na mtu aliyetumia ushindi wa jeshi letu kama ngazi. Watu wa Mwali ndio waliopiga kelele zaidi, kwa kuwa zamu yao ndiyo iliyosogezwa mbele. Hata hivyo walikuja kuipata: Ikililou Dhoinine aliapishwa mwaka 2011. Kisha mwaka 2016 zamu ya Ngazija ikamrudisha Azali Assoumani, kanali wa zamani aliyewahi kuchukua nchi kwa mapinduzi mwaka 1999.

Hapa naomba msome polepole. Aprili 2018 Azali aliisimamisha Mahakama ya Katiba. Ndiyo mahakama ileile ambayo uamuzi wake dhidi ya Bacar ulitupa sababu ya kupanda meli. Julai 30 ikafuata kura ya maoni ambayo wapinzani waliisusia, na katiba mpya ikamruhusu rais kukaa vipindi viwili mfululizo vya miaka mitano. Zamu ya Anjouan ilikuwa ifike mwaka 2021. Ikayeyuka. Oktoba 2018 vijana wenye silaha wakajifungia ndani ya mji mkongwe wa Mutsamudu, jeshi likauzingira, watu wakafa, gavana wa kisiwa akakamatwa. Sambi mwenyewe, aliyewekwa kizuizini nyumbani tangu Mei 2018, alihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2022 kwa uhaini katika kesi ya kuuzwa kwa pasipoti za nchi yake. Kesi hiyo siingii ndani yake, mahakama zake nimekwisha kusema zilivyofanywa. Azali akachaguliwa 2019, akachaguliwa tena Januari 2024.

Bacar alivunja makubaliano ya Fomboni kwa kisiwa kimoja, tukampelekea jeshi. Azali aliyavunja kwa visiwa vyote vitatu, na mwezi Februari 2023, ilipofika zamu ya kanda yetu ya Afrika Mashariki kutoa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, Kenya ikampisha na kiti akapewa yeye. Zamu aliyoifuta kwao akaifaidi Addis Ababa. Umoja wa Afrika ulikuwa umemtuma Ramtane Lamamra wa Algeria mwaka 2018 kuwapatanisha, na hayakuzaa kitu. Kutoka kwetu mimi raia sikusikia kauli yenye hata robo ya uzito wa ile ya 2008. Kama ilitolewa faraghani, huu ni wakati mzuri wa kutuambia.

Mteja mmoja, mtu wa Domoni kisiwani Anjouan, mzee wa makamo, aliniambia dukani bila hasira yoyote: "Ninyi mlimwondoa mwizi wa mlangoni, yule wa chumbani mkamwamkia shikamoo." Sikuwa na jibu. Nikampunguzia bei ya mzigo, kitu ambacho najua hakihusiani.

Mtaniambia labda kwamba hatungeweza kwenda tena na meli mwaka 2018. Sikubaliani na anayetaka hivyo. Rais anayevunja katiba kwa kalamu, kwa kura ya maoni na muhuri, hawezi kung'olewa na jirani bila nchi kuingia vitani, na demokrasia inayozaliwa na vita vya jirani tunaijua. Tuliizalisha wenyewe Kampala. Kagera tulishambuliwa, tukajitetea, na hilo halina ubishi. Mwalimu hakudai anapeleka demokrasia. Yeye mwenyewe aliongoza nchi ya chama kimoja na asingeweza kudai hivyo bila kuchekwa. Lakini Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutanishwa Moshi kupanga serikali kabla Kampala haijaanguka tarehe 11 Aprili, na tangu hapo kila aliyeshika kiti kule alijua kwamba jeshi lenye nguvu mjini ni la Tanzania. Yusuf Lule alidumu siku 68. Akaja Godfrey Binaisa, akaondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi ya akina Paulo Muwanga. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulifanyika askari wetu wakiwa bado nchini, na Muwanga akatoa amri kwamba matokeo hayatangazwi na mtu yeyote isipokuwa yeye. Milton Obote, aliyekuwa mgeni wetu kwa miaka tisa, akatangazwa kushinda. Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni, na Luwero ikageuka makaburi. Sisemi Tanzania ndiyo iliyoua watu wa Luwero. Nasema ukishika usukani wa nchi ya mwingine, hata kwa nia njema, hakuna atakayekuamini ukisema hukuwa dereva.

Gambia ya Januari 2017 ilienda vizuri zaidi kuliko yetu zote mbili, na sababu ni nyepesi: Wagambia walikuwa wamekwisha kupiga kura na kumchagua Adama Barrow. Majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yalichofanya ni kumsindikiza mlangoni Yahya Jammeh, rais aliyegoma kuondoka. Miaka sita baadaye ECOWAS hiyohiyo ikaitisha Niger kwa vita baada ya mapinduzi ya Julai 2023, ikaibana kwa vikwazo vilivyomuumiza mlaji wa kawaida kuliko majenerali, na mwisho wake Niger, Mali na Burkina Faso zikajitoa katika jumuiya. Viongozi walewale wa ECOWAS walikuwa wamewanyamazia wenzao waliobadilisha katiba ili wagombee tena, kama Alassane Ouattara wa Ivory Coast mwaka 2020. Majenerali walilijua hilo na walilitumia.

Nalo ndilo linalonirudisha nyumbani, na hapa mnivumilie.

Mwezi Novemba 2025 waangalizi wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, walitoa tamko lao la awali kuhusu uchaguzi wetu wa tarehe 29 Oktoba. Walisema katika maeneo mengi wapiga kura hawakuweza kuonyesha matakwa yao ya kidemokrasia. Ujumbe wa Umoja wa Afrika nao ukasema uchaguzi haukufikia viwango vya Umoja huo. Watu walikuwa wameuawa, intaneti imezimwa siku kadhaa. Mara tukaanza kusikia, na si kwa wanasiasa tu, hata vijiweni, kwamba hawa wageni wanatuingilia, kwamba nchi yetu ni huru na mambo yake ni yake. Mkuki kwa nguruwe. Wakati wa Anjouan hatukusema kisiwa cha watu ni cha watu. Tulipeleka 750 wenye bunduki. SADC ilituletea watu wenye kalamu na vizibao, na tukaona wamezidi.

Nafahamu hoja ya heshima ya nchi, na si hoja ya kipuuzi. Nchi zilizotawaliwa na wageni zina haki ya kushtuka mgeni akianza kuwafundisha namna ya kujitawala. Miaka ya 1960 chama cha ukombozi cha Wakomoro, MOLINACO, kiliasisiwa hapahapa Dar es Salaam, na hatukuona aibu kukipa makazi na sauti kwa sababu tuliamini uhuru wa jirani ni jambo letu. Ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba mambo ya Komoro hayatuhusu. Kinachonitatiza ni kuamua kwamba yanatuhusu pale anayevunja ni kanali mdogo asiye na rafiki, na kuamua hayatuhusu pale anayevunja ana kiti karibu na chetu mkutanoni.

Ninachoomba ni hiki. Taarifa ya operesheni ile iwasilishwe bungeni, wazi, pamoja na gharama zake, na hasa pamoja na ahadi tulizowapa watu wa Anjouan na tulizopewa na serikali ya Moroni kabla ya kupanda meli. Siri za kivita za 2008 hazina tena wa kumdhuru. Wizara ya Mambo ya Nje itamke msimamo wake kuhusu makubaliano ya Fomboni: je, Tanzania bado inayatambua, au tumeyazika pamoja na mengine? Na kama yatakuja maombi mengine, maana yatakuja, Bunge lijadili kabla askari hawajaondoka, na katika mjadala huo waziri aseme nini kitafanyika mwaka wa pili, wa tano na wa kumi baada ya kumwondoa mkorofi, na nani atatazama. Asipokuwa na jibu la mwaka wa tano, askari wabaki kambini.

Sitaki tuanzishe idara ya kueneza demokrasia. Nchi yetu haina la kumfundisha mtu katika hilo kwa sasa, na hata ingekuwa nalo, watu hawajifunzi kujitawala kwa kutawaliwa na mwalimu. Tunachoweza ni kidogo na ni kigumu zaidi kuliko kutua ufukweni: kusema, kwa jina, hadharani, pale jirani tuliyemdhamini anapovunja alichoahidi watu wake, na kukaa kimya kwa adabu waangalizi wanapotusomea yetu, kisha kuyajibu kwa ushahidi. La pili litatangulia la kwanza. Hakuna atakayetusikiliza Moroni kabla hatujamsikiliza mtu wa SADC hapa.

Hotuba za bajeti za wizara zenu husomwa bungeni kila mwaka na huwa ndefu. Katika ile ijayo, naomba aya moja iitwe Anjouan. Mzee wa Domoni anarudi Dar es Salaam kufunga mzigo kabla ya Ramadhani, na ataniuliza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi, mfanyabiashara,
Kariakoo, Dar es Salaam